Injini Niliyokuchagulia

Zuwena mwanangu,

Salamu tumeshapeana tangu asubuhi, kwa hivyo nazipita. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu voisi zangu unazisikiliza mbiombio, mimi natoka na sauti ya kasuku, halafu unanijibu kwa kidole gumba. Barua huwezi kuikimbiza. Kaa uisome, na makosa ya kuandika uyaruke kama unavyoruka matuta ya barabarani. Baba yako na shule tuliachana mapema, na hakuna aliyemfuata mwenzake.

Mambo ya kula, na kulala, na kutofungua mlango ovyo, na vumbi la Duqm kwenye mapafu yako, mama yako ameshayasema. Bado anayasema, namsikia huko ndani analiambia begi lako. Mimi hayo simo. Nna jambo moja tu, nalo limeegeshwa nje.

Kesho ukishamaliza chai unakamata usukani unakwenda Duqm kuanza kazi, peke yako. Mpaka mji wa Sinaw sina wasiwasi, watu wapo, maduka yapo. Baada ya Sinaw ni jangwa tupu, na hapo ndipo moyo wangu unapoanza kwenda mbio. Kazi yangu unaijua: navuta magari yaliyokufa njiani, na njia ile nimeivuta mpaka mawe yake yananijua jina. Nimewakuta watu wamekaa kwenye kivuli cha gari yao wenyewe, kivuli chenyewe hakimtoshi mbuzi, simu haina mtandao, maji yamekwisha, na mtu mzima na ndevu zake analia akiniona. Mimi huwatania. Namwambia, "Yakhe, ulikuwa unangojea basi?" Hucheka baadaye, akishapoa. Lakini tangu jana nikifumba macho namwona aliyekaa kwenye kivuli kile ni wewe, na utani haunijii.

Kwa hivyo hapa soma polepole. Injini iliyomo ndani ya gari ile siiamini. Jana uliponiuliza, nilikujibu kama naiamini.

Sasa usinyanyuke kwa hasira ukaja kunigongea. Soma kwanza. Ukijua nilifikaje huko, labda utanisamehe nusu, na nusu nyengine nitaidai siku ya Idi.

Gari ile inakuzidi umri. Nilipoipata nilikuwa kijana mwembamba, nywele nimezitia mafuta, kazi sina, maneno tele. Ya Kimarekani, milango miwili, pua ndefu, silinda nane. Nikipita nayo kwenye corniche ya Matrah, ile barabara ya ufukweni hapa Masqati, watu wanasahau mishkaki mdomoni. Mama yako anasema hakunitazama mimi, alitazama gari. Sawa, nikamwambia, lakini gari haikuja kwenu kukuposa. Nakwambia haya ujue kwamba nilipokwambia "ukipata kazi, gari ni yako", sikuwa nakupa chuma. Nilikuwa nakupa mimi nilipokuwa mzuri.

Injini yake ya zamani unajua nani aliiua. Mpandoni pale Aqaba ya Amerat, kijana mmoja kwenye jipu jeupe akanipita ubavuni, akanigeukia, akatabasamu. Lile tabasamu! Mshale wa joto nilikuwa nauona unapanda, wallahi nauona kwa macho yangu haya, na mguu nikauongeza. Nilimshinda. Mpaka kesho nasema nilimshinda, kwa urefu wa pua. Halafu chini ya boneti pakalia kama mtu kaangusha masufuria ya harusi, na moshi ukatufunika, mimi na ushindi wangu. Aliyekuja kunivuta ni mwenzangu wa kazini. Mimi, Seif, nikavutwa. Akaniuliza, "Yakhe, ulikuwa unangojea basi?"

Wiki ile ile ndiyo ukapata barua ya kazi, na gari haina moyo.

Kuifufua injini ya zamani haikuwezekana, vyuma vyake mpaka vitoke Amerika, na mimi na Amerika mifuko yetu haifanani. Ikabidi tutafute ya mtumba, na wewe ndiye uliyeipata ya kwanza, kule mjini Barka. Nakumbuka siku ile vizuri kuliko unavyodhani. Silinda sita, ya Kijapani, bado imo ndani ya gari yake iliyogongwa kwa nyuma. Kwa nyuma, yaani mbele haikuguswa. Na giaboksi yake, na nyaya zake, na kompyuta yake, vyote vimo. Uliikuta imelala, ya baridi, ukaiwasha mwenyewe. Ukafungua kifuniko cha oili ukatazama chini yake kama pana ute mweupe wa maji. Ukamwambia muuzaji akupimie nguvu ya kila silinda, na zote zikatoka sawa kama watoto wa mama mmoja. Bei yake ilikuwa bei ya watu wenye akili. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, sina hata kosa moja la kulitaja, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Baba, sikiliza inavyowaka."

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana yake."

"Hii cherehani, mama. Tia uzi utushonee kanzu."

Muuzaji akacheka. Nikinogewa na mtu anayecheka, unanijua, sisimami. Nikasema kuitia ile kwenye gari yetu ni kumfanya simba alie nyau. Nikalia nyau, mbele za watu. Wewe hukucheka. Ulisema, "Injini haina haja ya kusikika, Baba. Ina haja ya kufika." Nikakwambia hayo maneno ya chuoni, gari ya silinda nane inataka silinda nane, ni heshima. Ukaifuta mikono yako kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ukasema, "Sawa, Baba. Gari yako."

Gari yako. Nami nilishakupa.

Basi nikaenda kuitafuta heshima. Nikaipata huko Mabela, kwa Ami Hilal. Humjui sana: si ami yangu wa damu, binti wa khaloo yake, dada wa mama yake, aliolewa na kaka wa mama yako, na kwetu hilo latosha. Nyuma ya nyumba yake ana uwanja wa magari mabovu, majipu makubwa ya Kimarekani yaliyopinduka, na jipu likipinduka bodi hufa, injini hubaki. Akanipigia simu kwamba anayo moja, silinda nane, na bei chini ya ile ya Barka. Sikiliza, Zuu: kitu kikiwa rahisi, na kikawa ndicho hasa ulichokitamani, hapo ni pa kushika breki. Mimi nikakanyaga mafuta.

Siku ile wewe ulikuwa hospitali kwa vipimo vya kazi. Nilikwenda peke yangu, na nilikwenda na akili zangu. Nia yangu ilikuwa niisikie ikiwaka, nimwage oili yake niitazame, nipime silinda zote nane. Kipimo nilikuwa nacho mfukoni, kizito, kinanivuta kanzu upande mmoja.

Ami Hilal akanipokea mlangoni. "Seif! Miaka yote hii! Ingia, ingia, injini haikimbii." Nikaingizwa majlis, chumba cha wageni, baridi kama Ulaya, ikaletwa fuala ya kumkirimu mgeni: tende, matunda yamekatwa, halwa ya zafarani ingali moto. Mtoto wake akanimiminia kahawa.

Sasa hapa ndipo. Wazee wa huku wana njia yao, na umeiona kwa babu yako, Mungu amrehemu. Mtu akija na haja nzito, kikombe hukipokea, akakiweka chini. Hanywi. Mwenye nyumba akiona kahawa inapoa anaelewa, anasema, "Kunywa, ulichokijia umekipata." Ndipo mtu anakunywa. Babu yako hivyo ndivyo alivyowaposea wanawe wote, mimi mmoja wao, kikombe kiko chini na wakwe wanakitazama kama bomu. Hakuna ugomvi, hakuna kutiliana shaka, kikombe kinasema. Ningekiweka chini tu, nikasema, "Ami, haja yangu ni kuifungua injini kabla sijaichukua," angesema, "Kunywa," na yote yangekwisha kwa wema.

Lakini Ami Hilal alikuwa ananisifu. "Masqati nzima nani anayeisikia injini kama wewe, Seif? Wewe ni daktari. Wengine wanakuja hapa na mashine, wanapima, wanaandika. Wewe sikio tu." Maneno matamu kuliko ile halwa. Nikanywa. Nikanywa cha pili. Cha tatu nikakitikisa kikombe kwamba inatosha, alhamdulillah, na hapo haja yangu nikawa nimeshaimeza. Sasa nimwambie nini mtu mzima aliyenikirimu? Nipishe nipime, huenda unanidanganya? Na halwa yake ingali kwenye meno?

Tukatoka nje. Injini imekaa juu ya tairi, imeoshwa, inang'aa kama sinia la harusi. Injini ya mtumba ina haki ya uchafu wake, mwanangu, uchafu ndio unaokuonesha ilikovuja. Niliijua hiyo tangu sina ndevu. Ami Hilal akasema, "Nikuwashie? Itabidi tutafute betri, tuifunge funge hivi..." Nikasema, "La, la, Ami. Neno lako latosha."

Nilisema hivyo mimi. Kipimo kiko mfukoni.

Wala usimchukie Ami Hilal. Labda na yeye hajui mna nini ndani. Hakuulizwa, hakujibu, na kunikaribisha hakukosea. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani nimeipakia kwenye gari ya kazi, wewe ukatoka mbio na kuniuliza, "Umeipima?" Nikajibu, "Nimeipima."

Halafu ukaanza kazi. Nyaya zile ulivyozipanga, nimekaa miaka kwenye magari sijaona mtu anapanga nyaya kama anasuka bibi harusi. Mama yako analalamika una grisi mpaka kwenye nyusi. Siku tulipoiwasha mara ya kwanza, sauti ile, Zuu! Majirani wa mtaa wetu wote wa Mawaleh wakatoka nje, yule mzee wa nyumba ya kona akidhani ni ndege. Nikacheza pale uani, mama yako akanirushia kandambili. Furaha ile ilinisahaulisha kabisa kwamba sikuipima. Namba ya injini ikaandikwa kwenye mulkiya, ile kadi ya gari, sheria ikaridhika, na mimi nikaridhika na sheria. Lakini sheria haipandi gari na wewe kwenda Duqm.

Mpaka jana. Tuliitoa kuijaribu mpaka Qurayyat, na kwenda tulikwenda kama wafalme. Wewe usukani, mimi nimetoa mkono nje ninawapungia watu nisiowajua. Wakati wa kurudi, kule juu mpandoni, ukasimama tunywe maji, ukaiacha inanguruma. Tak. Tak. Tak. Kwa chini, ndani.

"Baba, unaisikia?"

"Boliti ya ekzosi. Injini za aina hii zote zina ugonjwa huo, boliti inakatika, moshi unapenya, unagonga. Haina neno."

Ukautazama mshale wa oili. Ulikuwa umelala chini kuliko asubuhi. "Na huu?"

"Mshale wa gari kuukuu, na wewe unauamini? Mshale huo ulinidanganya kabla wewe hujazaliwa."

Ulicheka, ukatia gia, tukashuka.

Boliti ya ekzosi, mwanangu, hugonga injini ikiwa baridi. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba, kelele inakwisha. Hii yetu asubuhi ilikuwa kimya, imeanza kugonga ilipopata moto, na mshale wa oili umeshuka. Hiyo inaweza kuwa beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, zimelika. Na beringi zikilika, injini inaweza kukuchukua Duqm na kurudi mwaka mzima, na inaweza kukuachia kwenye mchanga baada ya Sinaw, inajifunga ghafla, usukani unakuwa mzito mkononi na lori liko nyuma yako. Yote hayo nilikuwa nayajua pale juu mpandoni, chupa ya maji mkononi. Na bado ulimi ukatangulia.

Kinachonichoma si uongo, uongo nimesema mwingi na mwengine ulikuwa mzuri. Kinachonichoma ni kuwa wewe ulisomea umeme. Injini hukuisomea popote isipokuwa kwangu. Ulikuwa hujafika urefu wa tairi, nakupa bisibisi uweke ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, unaniambia, "Baba, kuna mtu ndani anapiga mlango." Mwengine angekwambia habari ya boliti ungemkatalia. Mimi uliniamini kwa sababu masikio yako ni mimi niliyekutengenezea.

Leo ulipokwenda Sidab kuwaaga shangazi zako, nilijilaza chini ya gari nikamwaga oili. Yote. Imo kwenye beseni la bluu la kufulia, kwenye choo cha nje, nimelifunika, na mama yako usimwambie ni beseni gani. Filta nimeitoa nikalikata kopo lake, karatasi ya ndani nimeifunga kwenye kitambaa cheupe, iko hapo hapo pembeni. Kwa hivyo gari usiiwashe, haina tone. Ufunguo nimeuondoa, uko juu ya hicho kitambaa.

Sikutazama.

Mkono ulifika kwenye kitambaa. Na kabla sijakifunua nikajisikia ninavyopanga maneno: vumbi tu hili, la kawaida, injini ya mtumba lazima iwe nalo. Sijaona kitu, nimeshajitetea! Nikajua nikitazama peke yangu nitakudanganya tena, na wa kwanza kudanganyika nitakuwa mimi. Nikanawa mikono nikaja kuandika.

Asubuhi jua likitoka, si taa, jua, kifunue wewe. Pitisha ile sumaku ya kwenye sanduku langu la vifaa. Chuma kitashika, na kidogo kama unga si kitu cha kukutisha. Beringi hazishiki sumaku. Utaziona kwenye karatasi na juu ya oili, vipande vidogo vinameta, rangi ya shaba au ya magamba ya samaki. Ukiviona, gari inabaki hapa na wewe unapanda basi, na mimi naingia Barka kuuliza cherehani yako kama bado ipo. Wakinicheka wana haki. Ikiwa imeshauzwa nitatafuta nyengine kama ile, na hiyo nitakuja nayo mpaka Duqm uipime wewe, mimi nishike tochi.

Ukiona pasafi, oili mpya na filta viko kwenye kiti cha mbele. Tia mwenyewe, kaza mwenyewe, iwashe, iache ipate moto, usikilize tena. Na ikiwa pasafi lakini moyo wako hautaki, basi panda basi vile vile. Huna haja ya kunipa sababu. Mimi nilikuchagulia injini ile bila sababu yoyote ila kelele.

Mama yako hajui bado. Nitamwambia mimi kabla hujaamka, maana yeye ndiye atakayekaa na simu mkononi mpaka ufike, na hawezi kungojea kitu asichokijua. Atanirushia zaidi ya kandambili.

Jambo la mwisho. Nilifikiria nikiswali alfajiri nikae huko huko msikitini mpaka uwe umeshatazama, nikaona huko ni kukimbia. Nitakuwepo, kwenye ngazi ya mlango, mdomo nimeufunga, kitu ambacho nyumba hii haijakiona. Nakujua, utachuchumaa pale juu ya beseni, utatazama weee, halafu utageuka: "Baba, wewe unaonaje?"

Nna jibu langu, na katika maisha yangu sijawahi kulitoa mbele ya injini. Nimelifanyia mazoezi leo mbele ya kioo, mara ya kwanza likanitoka kama kikohozi. Nitakwambia: sijui, mwanangu. Tazama wewe, na utakalosema ndilo.

Baba yako,
Seif